Kungoja Majibu ya Damu Bila Kujidanganya

Karatasi ya maabara ina safu ya namba, na pembeni mwa namba moja mashine imeweka herufi: H kwa kilichozidi, L kwa kilichopungua. Daktari ameitazama, akasema angependa kipimo kirudiwe, na huenda mgonjwa akahitaji kuonwa na bingwa wa magonjwa ya damu. Rudi wiki ijayo. Mtu anatoka hospitalini mzima kama alivyoingia, daladala anapanda mwenyewe, njaa inamuuma kama kawaida, ila amebeba swali ambalo asubuhi hakuwa nalo. Naamini mateso mengi ya wiki hiyo yanatokana na jinsi ilivyo vigumu kwetu kuliacha swali libaki kuwa swali.

Herufi ile yenyewe inajua kidogo mno. Kiwango tunachokiita cha kawaida hupatikana kwa kupima watu wengi wenye afya, kisha kuchukua asilimia 95 ya katikati. Asilimia 5 wanaobaki nao ni wazima. Maana yake ni kwamba, katika kila kipimo, mtu mmoja kati ya 20 wasioumwa chochote atawekewa herufi; na mzima akipimwa vitu 20 visivyotegemeana, uwezekano wa angalau kimoja kutoka nje ya mstari ni karibu asilimia 64. Tena mstari huo umechorwa kwa damu ya nani? Kwa miaka mingi maabara zetu zilitegemea viwango vilivyotoka Ulaya na Marekani. Watafiti walipowapima watu wazima wenye afya hapa Afrika Mashariki, Mbeya na Kericho zikiwemo, ilionekana kwamba baadhi ya chembe nyeupe, hasa neutrofili, kwa wengi wetu huwa chache kuliko viwango hivyo vinavyotaka, na hakuna ugonjwa.

Hata chupa inaweza kusema uongo. Ile yenye kifuniko cha zambarau huwa na EDTA, kemikali inayozuia damu isigande. Kwa watu wachache kemikali hiyo huzifanya chembe sahani zishikamane humo chupani. Mashine huhesabu fungu zima kana kwamba ni kitu kimoja, au hulipita kabisa, kisha huandika kwamba chembe zimepungua, ilhali mwilini zimejaa tele. Ndiyo sababu mtaalamu hupaka tone la damu kwenye kioo na kulichungulia kwa hadubini, au huomba damu nyingine ichukuliwe kwenye chupa ya aina tofauti. Mara nyingi anayeambiwa arudie kipimo hudhani daktari ameona jambo baya na analificha. Huenda daktari anataka tu kujua kama namba ile ni ya kweli.

Sisemi haya ili kumwambia mtu kwamba hana kitu. Wakati mwingine kitu kipo. Chembe sahani hupungua kwa malaria, kwa dengi, kwa dawa fulani, kwa ini lililoharibika, kwa ujauzito, na pia kwa saratani ya damu. Ninachouliza ni hiki: kwa nini akili huiruka orodha yote hiyo na kutua kwenye neno la mwisho?

Mwaka 2016 watafiti wa University College London, UCL, walichapisha jaribio moja linalonisaidia kufikiri. Waliwapa watu mchezo wa kompyuta wa kubahatisha ni mawe gani yenye nyoka chini yake. Nyoka akitokea, mchezaji alipigwa shoti ya umeme mkononi. Walipopima jasho na ukubwa wa mboni za macho, waliona kwamba mwili ulihangaika zaidi pale ambapo uwezekano wa shoti ulikuwa nusu kwa nusu. Aliyekuwa na hakika kwamba ataumia alitulia kuliko aliyekuwa hajui. Kwa hiyo mtu anayejitangazia saratani usiku wa manane, simu mkononi, hafanyi upumbavu. Anatafuta mahali pa kutua. Hukumu mbaya ina sakafu, na kutojua hakuna. Taabu ni kwamba sakafu hiyo ameijenga mwenyewe kwa hewa, na asubuhi itabidi aijenge upya.

Iko njia nyingine ya kulikimbia swali, nayo ni kutorudi kabisa. Kabla vipimo vya haraka vya virusi vya ukimwi havijaenea, damu ilipelekwa maabara na majibu yakachukua siku, hata wiki, na wengi waliotolewa damu hawakurudi kuyachukua. Wahenga walishasema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, lakini methali hiyo haimwoni mtu aliyesimama kwenye kona ya barabara ya hospitali, akageuza. Yeye na yule wa usiku wa manane ni ndugu. Mmoja amelitangulia jibu, mwingine amelipa mgongo, na wote wawili wamekataa kukaa mahali walipo kweli, yaani mahali pa mtu ambaye bado hajui.

Epiktetus, mwanafalsafa aliyewahi kuwa mtumwa, alifundisha kutenganisha yaliyo katika uwezo wetu na yasiyokuwemo. Namkubali nusu. Moyo hauombi ruhusa kabla ya kwenda mbio, na kumwambia mwenye hofu kwamba hofu ni hiari yake ni kumwongezea mzigo wa lawama. Al-Ghazali ananifaa zaidi anapoeleza, katika Ihya Ulum al-Din, kwamba kutumia dawa hakupingani na kumtegemea Mungu. Mkono unafanya sababu. Matokeo hayako mkononi. Mama anayewaza nani atawalipia wanawe ada ana swali linaloweza kufanyiwa kazi leo hii: akae na dada yake, atazame akiba, aulize bima yake inagharimia nini. Lakini swali la kama ni saratani liko kwenye chupa, maabara, na hakuna kiasi cha kukesha kitakacholitoa humo. Wasiwasi huyasokota maswali hayo mawili yakawa uzi mmoja. Kuyatenganisha ni kazi ya akili inayowezekana hata moyo ukiwa bado unakwenda mbio.

Walio karibu na mgonjwa nao wana sehemu yao. Tunapenda kusema, “Usijali, huna kitu.” Tunasema kwa upendo, lakini tunadai kujua tusichokijua, sawasawa na yeye anapojitangazia kifo, na mara nyingi anaisikia kauli hiyo kama ombi la kunyamaza. Shangazi anayeuliza, “Majibu yanatoka lini, mwanangu? Tutakwenda wote,” hajadai kujua lolote. Ameingia kwenye kutojua pamoja naye. Na daktari anadaiwa zaidi ya tarehe. Anayemwambia mgonjwa arudi wiki ijayo amwambie pia wanatafuta nini, kwa nini wanarudia, na dalili gani, kama homa kali au damu kutoka kwenye fizi, haipaswi kungoja hadi wiki ijayo. Sentensi hizo tatu hazichukui hata dakika mbili.

Na majibu yakitoka mabaya? Basi zile siku za hofu hazitakuwa zimepunguza chochote katika uzito wake. Aliyelia mapema atalia tena. Lakini aliyengoja bila kujidanganya atakuja na maswali aliyoyaandika: ni aina gani, tiba inapatikana wapi, inaanza lini, bima inalipa kiasi gani. Na shangazi awe kwenye kiti cha pili na kalamu, maana mtu akishalisikia neno lile, mengi ya yale ambayo daktari anaendelea kusema humpita.