Anwani ya Mtu Ni ya Mwenyewe

Ndugu zangu mnaolipwa kutuma barua pepe kwa niaba ya hoteli, shule na maduka ya watu, nisikilizeni. Anwani ya mtu si mali ya mteja wenu, wala si mali yenu. Ni ya mwenyewe. Aliitoa kwa shughuli aliyoijua, na siku akitaka kuondoka, aachwe aondoke bila kuulizwa maswali.

Najua mteja anavyokuja. Anaweka flashi mezani: “Humu mna anwani elfu ishirini, nimezinunua. Tuma Ijumaa.” Lifungueni faili lililomo mlitazame. Safu moja tu ya anwani, basi. Hakuna majina, hakuna tarehe ya kujiunga, hakuna palipoandikwa nani alikubali kupokea nini. Anwani moja inaishia na “gmial.com”: herufi mbili zimepishana, na hakuna aliyewahi kuandikiana na mwenyewe akaligundua kosa hilo. Na humo humo hujificha mitego, anwani zisizo na mtu, zilizowekwa na wanaopambana na barua taka ili kumnasa anayetuma bila ruhusa.

Kataeni! Kataeni hata kama pango la ofisi linangoja malipo yake.

Kishawishi hiki ni cha zamani. Mei 1978, huko Marekani, Gary Thuerk wa kampuni ya kompyuta ya DEC alituma tangazo kwa watu wapatao 400 wa mtandao wa ARPANET ambao hawakuliomba. Malalamiko yakamiminika, na bado yeye mwenyewe alisema baadaye kwamba liliuza mashine za mamilioni ya dola. Ndiyo maana watu hawaachi: mara ya kwanza huwa inalipa.

Lakini tazameni gharama inavyokuja leo. Tangu Februari 2024, Gmail inamtaka anayewatumia watu wake barua zaidi ya 5,000 kwa siku athibitishe jina lake la kikoa kwa SPF, DKIM na DMARC, awawezeshe kujiondoa kwa mbofyo mmoja, na malalamiko yasifike asilimia 0.3. Pigeni hesabu: katika barua elfu moja, watu watatu tu wakibonyeza kitufe cha barua taka, mmefika ukingoni. Na jina la kikoa mnalolichafua mara nyingi ndilo hilo hilo linalobeba ankara za mteja na majibu yake kwa wageni. Tuseme hoteli ya Nungwi, Zanzibar, inatangaza ofa kwa orodha ya kununua. Wiki mbili baadaye uthibitisho wa chumba cha mgeni wa Ujerumani unaangukia kwenye barua taka. Mgeni anasubiri, anakata tamaa, anakwenda kwa jirani. Mwenye hoteli hataambiwa na mtu yeyote kwa nini chumba kililala kitupu!

Sheria nazo zipo. Kenya ina yake ya ulinzi wa data tangu 2019, Tanzania ilipitisha yake 2022. Na hoteli inayowauzia vyumba watu walioko Ulaya, sheria ya Umoja wa Ulaya ya GDPR, inayotumika tangu Mei 2018, inaifuata mpaka ufukweni. Lakini nawasihi msingoje kuogopa faini ndipo mheshimu watu.

Acheni pia kumpumbaza mteja kwa asilimia za waliofungua barua. Tangu Septemba 2021 programu ya barua ya Apple inaweza kupakua picha zilizomo ndani ya barua hata kama mwenye simu hajaisoma, na ripoti ikaandika “imefunguliwa”. Mhesabieni waliojibu, waliolipia chumba, walioleta mtoto kuandikishwa. Barua itoke kwa jina la mtu anayeweza kujibiwa. Na kiungo cha kujiondoa kiandikwe kwa herufi zinazosomeka, si kijivu juu ya kijivu!

Basi leo, kabla ya kufunga ofisi, chukueni orodha ya mteja wenu mkubwa kuliko wote. Watengeni ambao mwaka mzima hawajabofya, hawajajibu, hawajanunua. Waandikieni mara moja, kwa adabu, mkiuliza kama bado wanataka kusikia kutoka kwenu. Asiyejibu, mfuteni. Mteja akiuliza kesho kwa nini orodha yake imepungua, kaeni naye, mfungulieni faili, na mwonyesheni mstari kwa mstari.