Mpeni Mwanafunzi Vijiti vya Marimba

Katika Makumbusho ya Uganda, jijini Kampala, kuna chumba cha ala za muziki ambacho kila nikifika mji ule hujitafutia sababu ya kukipitia. Safari hii nililikuta humo kundi la wanafunzi wa chuo kikuu. Walinakili majina ya ngoma na zeze, wakapiga picha kwa simu, wakasogea. Binti mmoja alibaki nyuma, akapiga magoti na kuchungulia chini ya vibao vya amadinda aone vimekaa juu ya nini. Natamani mwalimu wake angemwona.

Swali lake lilikuwa la msingi. Kijijini, vibao 12 vya marimba hiyo ya Waganda, vilivyochongwa kwa mti wa lusambya, hulazwa juu ya mashina mawili mabichi ya mgomba, na vijiti huchomekwa katikati visihame. Mgomba ukioza unakatwa mwingine. Wapigaji ni watatu. Wawili hukaa wakitazamana, kila mmoja na mkondo wake, na pigo la huyu huangukia katikati ya mapigo ya mwenzake. Wa tatu ameachiwa vibao viwili vya mwisho tu: hudaka sauti mbili za chini kabisa zinazojitokeza katika mchanganyiko ule na kuzirudia juu, kwa sauti nyembamba. Msikilizaji anasikia nyimbo ambazo hakuna mkono hata mmoja uliozipiga. Zimezaliwa kati yao.

Hilo haliwezi kuandikwa kwenye kibandiko likaeleweka. Klaus Wachsmann alilijua vizuri. Huyu alikuwa msomi wa Kijerumani mwenye asili ya Kiyahudi, aliyeipa kisogo nchi yake wakati wa Hitler, na kuanzia 1948 hadi 1957 aliongoza makumbusho hayo. Alizunguka Uganda akirekodi nyimbo, lakini ninachomheshimia zaidi ni kwamba ndani ya jengo lake ala zilipigwa. Evaristo Muyinda, mwanamuziki aliyelelewa na muziki wa ikulu ya Kabaka, mfalme wa Buganda, alikuwa akiwapigia na kuwaeleza wageni.

Ndiye Muyinda aliyempokea Gerhard Kubik, kijana kutoka Vienna, mwishoni mwa 1959. Kubik hakuja na daftari peke yake. Alikaa chini, akashika vijiti, akafundishwa kama wanavyofundishwa watoto wa Kiganda, na mwaka 1960 akachapisha katika jarida la African Music uchambuzi wa muundo wa muziki huo ambao wataalamu wanaurejea hadi leo. Aligundua tofauti kati ya kinachopigwa na kinachosikika kwa sababu mikono yake ilikuwemo. Joseph Kyagambiddwa, Mganda mwenyewe, alikwisha kutoa kitabu chake juu ya muziki huo mwaka 1955, kisha akatunga muziki wa kuwaenzi Mashahidi wa Uganda kwa misingi ileile. Kwake yeye kuandika na kutunga ilikuwa kazi moja.

Vyuo vyetu vingi vimeitenganisha kazi hiyo. Insha ina maksi. Kupiga kunaachiwa sherehe ya mahafali, wakati wageni wanasubiri chakula. Mwanafunzi anayetunga kipande kipya kutokana na alichokiona kwenye maonyesho anaambiwa amefanya vizuri, sasa alete kazi yenyewe. Naliona hili kuwa kosa kubwa, na wanaoumia si wanafunzi tu.

Maana ujuzi huu hupotea. Mei 1966 jeshi la serikali lilivamia ikulu ya Mengo, Kabaka akakimbilia uhamishoni, na wanamuziki wake wakatawanyika. Entenga, ngoma 15 zinazopigwa na watu sita, zilinyamaza. Rekodi zilibaki, na nakala za zile za Wachsmann zilirejeshwa Makerere mwaka 2009. Lakini ngoma zenyewe zilisikika tena pale tu mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Kyambogo, James Isabirye, alipomtafuta Musisi Mukalazi, mpigaji wa zamani wa ikulu, na kumkutanisha na vijana. Mzee alifundisha kwa mkono. Santuri na kanda zilisaidia, ila zisingeweza kumsahihisha kijana aliyechelewesha pigo.

Hapa Dar es Salaam, Kijiji cha Makumbusho kiko kandokando ya Barabara ya Bagamoyo, safari fupi ya daladala kutoka Mlimani, kwenye Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Nyumba za makabila mbalimbali zimejengwa mle, na ngoma zimechezwa mle kwa miaka mingi. Ningependa kuona ratiba ya somo la muziki iliyoandikwa kwamba asubuhi moja kila wiki darasa liko kule, mwanafunzi anapiga, anatunga na kuandika, vyote vikiwa na maksi, na mzee anayemfundisha analipwa kwa kiwango cha mhadhiri wa muda.