Pikipiki ya Mweso ina wenyewe wengi

Ni nadra pikipiki iliyoegeshwa sokoni Mweso, mashariki ya Kongo, kuwa ya mtu mmoja. Anayeiendesha ni motari, lakini aliyeinunua huenda ni mwalimu, muuguzi au mchuuzi wa maharagwe, na fedha zenyewe huenda zilitoka kwenye zamu ya likelemba (mchango wa kupokezana), kwenye ng'ombe aliyeuzwa, au kwenye mkopo wa MUSO ambako kina mama huweka akiba yao kidogokidogo kila juma. TVS au Boxer mpya inazidi dola 1,000. Mji uko yapata kilomita 100 kutoka Goma, na barabara ya Sake na Kitshanga hugeuka tope mvua zikikolea, magari yakabaki yamekwama. Pikipiki ndiyo inayomfikisha mama mwenye uchungu hospitalini, ndiyo inayoshusha magunia ya viazi, na ndiyo benki. Benki zenyewe za Goma zilifunga milango mwishoni mwa Januari 2025, kundi la M23 lilipouteka mji huo, na mwenye akiba ndogo akapata sababu nyingine ya kuiweka katika chuma na magurudumu. Inapoibwa, msiba unaingia nyumba nyingi kwa siku moja.

Wizi wenyewe haufanani. Upo wa usiku nyumbani, upo wa mchana penye watu, upo wa motari kutoweka na mali ya mwenzake, na upo wa bunduki njiani. Kufuli linasaidia katika miwili ya kwanza. Katika wa tatu mwizi ndiye mwenye ufunguo, na katika wa nne kung'ang'ania kufuli kunaweza kumgharimu mtu uhai wake.

Ufunguo wa pikipiki ndogo hupewa imani isiyostahili. Kufuli la usukani ni kipande kidogo cha chuma kinachoingia kwenye shingo ya fremu. Kijana mwenye mikono ya kazi akiukaza usukani kwa nguvu upande mmoja, kinakatika. Swichi nayo ni nyaya chache nyuma ya taa ya mbele. Anayezijua huzichomoa, hupiga kiki, na injini nyingi za aina hii huwaka hata betri ikiwa imekufa. Ndiyo maana wamotari wa siku nyingi wana mazoea yao. Akishuka kwa muda mfupi, motari hufunga koki ya petroli, kisha hufungua kofia ya buji kwenye waya wake na kuitia mfukoni. Bila kofia ile hakuna cheche. Koki peke yake haizuii injini kuwaka, kwa kuwa kabureta hubaki na petroli ya kwenda mita mia kadhaa, ila pikipiki inayozimika barabarani machoni pa watu humlazimisha mwizi kuitupa na kukimbia. Aliye na fundi mwaminifu huwekewa swichi ya siri chini ya kiti. Siri hiyo ni ya watu wawili. Ikimfikia wa tatu, fedha ya fundi imepotea.

Kufuli za diski zinazouzwa mijini hazina kazi kwenye pikipiki nyingi za huku, ambazo breki zake ni za ngoma. Kinachofaa ni mnyororo mnene, uzungushwe kwenye rimu ya nyuma pamoja na fremu, na uvutwe juu usiguse ardhi. Kufuli likilala chini, ardhi inamsaidia mwizi: analiweka juu ya jiwe na kulipiga nyundo. Wengine huuvisha mnyororo mpira wa ndani wa tairi usikwaruze rangi, lakini mnyororo ulio wazi una faida yake, maana ukishikwa unalia.

Swali gumu ni mnyororo ufungwe kwenye nini. Nyumba nyingi za Mweso ni za mbao au za miti na udongo, na pikipiki iliyofungwa kwenye nguzo ya ukuta wa mbao imefungwa kwenye kitu kinachong'olewa kwa dakika chache. Usiku wa mvua kubwa, mabati yakipigwa, hata ubao ukivunjwa hakuna anayesikia. Kwa hiyo watu hulala nayo ndani. Usukani unaelekea kitandani, tairi lenye tope linakanyaga mkeka wa watoto, na harufu ya petroli inakaa chumbani hadi asubuhi. Katika chumba kimoja chenye mbabula ya makaa, harufu hiyo ni hatari kuliko mwizi: koki lazima ifungwe, kifuniko cha tanki kikazwe, na moto uzimwe kabla pikipiki haijavuka kizingiti. Penye ua, njia bora ni kuchimba shimo, kuzika rimu kuukuu ya gari katika zege na kuacha nusu yake nje. Mifuko miwili ya saruji ni bei ndogo ukiilinganisha na kilichofungwa hapo.

Mchana, sokoni au nje ya hospitali, ulinzi ni macho. Parkingi ambayo wamotari wake wanajuana kwa majina humshtukia upesi mgeni anayekaa kwenye kiti kisicho chake. Sentineli anayelipwa kitu kidogo kuangalia pikipiki za waumini wakati wa misa huzuia wizi mwingi kuliko kufuli la bei kubwa, ilimradi alipwe kweli. Kumlipa kwa ahadi ni kumfundisha kutazama pembeni.

Njiani mambo ni mengine. Kutoka Mweso kwenda Kashuga, Kalembe na Pinga, motari hupita mikononi mwa watu wengi wenye silaha. Utafiti wa taasisi ya IPIS uliotolewa Desemba 2017 ulihesabu vizuizi vya barabarani 798 katika Kivu ya Kaskazini na ya Kusini, na huo ulikuwa wakati wa nafuu: Kitshanga ilitekwa Januari 2023, na Januari 2024 mabomu yalianguka Mweso kwenyewe. Pikipiki inatamaniwa na kila mwenye bunduki kwa sababu ileile inayoifanya ipendwe na raia, kwamba inapita pasipopita gari. Wamotari hupunguza hatari kwa kwenda wawili watatu, kwa kumsimamisha anayetoka upande wa pili na kumuuliza habari za mbele, na kwa kumkataa abiria wa jioni anayebadilisha mwisho wa safari katikati ya njia. Zaidi ya hapo hakuna ujanja. Bunduki ikitokeza, ufunguo hutolewa, mikono ikaonekana, na mtu akaondoka kwa miguu.

Wapo wanaosita, na sababu ya kusita haitoki kwa mwizi. Inatoka kwa mwenye pikipiki. Katika mapatano mengi motari humpelekea mwenye mali verseman, yaani fedha waliyopatana, kila siku au kila juma, na mdomoni huambiwa neno moja tu kuhusu hasara: ikipotea, utalipa. Kijana mwenye deni la namna hiyo, akiwa na bunduki kifuani, anahesabu miaka ya kulipa. Sekunde mbili za kuhesabu zinatosha kumuua. Mwenye mali aliyetamka maneno yale bila kufikiri ana sehemu yake katika kifo hicho, hata kama hakuwapo.

Mapatano ya haki huandikwa kabla injini haijawashwa, mbele ya mkuu wa parkingi na jirani wa kila upande. Hutaja saa za kazi na njia zinazoruhusiwa. Husema wazi kwamba pikipiki iliyoachwa bila mnyororo ikiibwa, au iliyoibwa usiku nje ya saa zilizokubaliwa, ni juu ya motari. Na kwamba iliyonyang'anywa kwa silaha, ndani ya saa na njia hizo, hasara yake ni ya mwenye mali, au wanagawana kwa kiasi kilichoandikwa. Bima ya lazima haiwaokoi, kwa kuwa hulipa madhara anayopata mtu mwingine barabarani, si chombo kilichoibwa. Karatasi hiyo humlinda pia mwenye mali, maana motari asiyeona deni lisilolipika mbele yake hana haja ya kutoroka na pikipiki.

Pamoja na mapatano huwekwa alama za utambulisho. Namba ya fremu, yenye herufi na tarakimu 17, imegongwa kwenye shingo ya usukani, na namba ya injini iko kwenye tumbo lake. Zote mbili hunakiliwa pamoja na karti rozi, yaani kadi ya usajili, na fakitire ya dukani, na nakala moja hukaa kwa ndugu wa mji mwingine, kwa sababu Mweso watu wamekimbia nyumba zao zaidi ya mara moja na karatasi zikabaki ndani. Alama ya siri, herufi mbili zilizochorwa kwa msumari chini ya kiti, hutambulisha pikipiki iliyopakwa rangi mpya. Vifaa vya kufuatilia vipo. Uganda ilitia saini mkataba na kampuni ya Kirusi mwaka 2021 ili kuvifunga kwenye magari na pikipiki zote, na kazi ikaanza Novemba 2023. Lakini kifaa hutuma habari kwa mtandao wa simu, na milima ya huku, ya Masisi na Walikale, ina mabonde mengi yasiyo na mtandao.

Wizi ukitokea, saa ya kwanza ni ya simu: parkingi za Kitshanga, Kashuga na Kalembe zipewe rangi, plaka na alama. Hapo pia ndipo watu wema hukosea vibaya. Sheria ya jinai ya Kongo, ya Januari 30, 1940, ina adhabu ya miaka isiyozidi mitano kwa wizi wa kawaida na hata kifo kwa wizi wa silaha, lakini umati hausubiri hakimu. Kijana akipigwa mawe au kuchomwa kwa tairi, huenda ameuawa asiye mwizi. Na akiwa ndiye, amekufa na jina la mnunuzi. Pikipiki haitarudi, na mnunuzi anangoja ya pili.

Mnunuzi huyo ndiye anayeuweka wizi hai. TVS ya dola 400 isiyo na fakitire, yenye namba iliyokwanguliwa kwa tupa, inajieleza yenyewe, na anayeinunua kwa kuwa ni rahisi anajua anachonunua. Anayetaka pikipiki kuukuu kwa halali huinama kwenye shingo ya usukani na kitambaa, hufuta grisi na tope hadi tarakimu zionekane, huzisoma moja moja dhidi ya karti rozi, na huomba kumwona muuzaji nyumbani kwake, mbele ya majirani zake, kabla ya kuhesabu noti.