Picha ya Ijumaa

Saa ya Doha na ya Nairobi ni ileile. Kwa hivyo huwezi kumwambia mamako kwamba huku ni usiku wa manane na ulikuwa umelala. Akipiga saa mbili usiku, sisi wa zamu ya usiku tuko kwenye basi, tunaenda kiwandani kukata na kufunga paipu za plastiki hadi asubuhi. "Uko aje?" "Niko sawa, mathe."

Je, huo ni uongo? Mimi nasema hapana. Mama hawezi kukupunguzia joto la mashine, na presha anayo tayari. Kumnyamazia ni heshima.

Shida ni picha. Ijumaa, siku ya mapumziko, jamaa wa kitanda cha juu huvaa shati safi, akaenda Corniche kupigwa picha, maghorofa yote nyuma yake. Picha ni ya kweli. Ni vile tu siku zingine sita hazina picha (simu hubaki getini). Na mshahara wa chini kisheria tangu 2021, riali 1,000 kwa mwezi, chakula na malazi kando, hauonekani kwenye stetasi.

Mama anaiona, analala vizuri. Binamu anaiona, anaanza kutafuta pesa za ajenti. Huyu wa pili ana haki ya kujua kabla shamba halijauzwa, na haki hiyo inashinda aibu yetu. Nilimwambia jamaa hivyo.

"Sawa," akasema, "lakini binamu anakaa nyumba moja na mathe."