Mtaro na Kifaru

Nikiri mapema: napenda ramani za vita. Chuo niliacha mwaka wa pili, lakini tabia ya kukodolea macho karatasi za zamani haikuniacha.

Juzi, mvua imenifungia ndani hapa Wamagana, nilikuwa natazama kwenye simu ramani ya Divisheni ya 79 ya Uingereza, ile ya Jenerali Percy Hobart. Nembo yake ni kichwa cha fahali. Vifaru vyake vya ajabu vimechorwa humo: Crab, kinachochapa ardhi kwa minyororo ili mabomu ya kutegwa yalipuke mapema, Crocodile, kinachotema moto, na kingine kinachobeba furushi kubwa la vijiti. Kikifika kwenye mtaro kinaliangusha ndani, wenzake wanapita juu. Tarehe 6 Juni 1944 vilitua Normandy ili askari wasiishe mbele ya bunduki za Wanazi. Manze, hiyo ni akili. Na Wanazi walistahili kushindwa, sina ubishi hapo.

Lakini lile furushi lilinikumbusha cucu.

Miaka kama 10 baadaye, nchi hiyohiyo ilitaka mtaro wake huku kwetu. Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa Oktoba 1952. Msitu wa Nyandarua na wa Mlima Kenya ikapigwa marufuku. Ukionekana humo, unapigwa risasi. Kandokando ya Mlima Kenya ukachimbwa mtaro wa maili 50 hivi, kuwatenga wapiganaji na watu waliowalisha. Ndani yake vikasimikwa vijiti vilivyochongwa. Upande wetu pia watu walichimba. Hakuna jenerali aliyekesha akibuni mashine ya kazi hiyo. Wanawake walipewa majembe, homugadi akasimama ukingoni na bunduki. Cucu alikuwa na miaka 15.

Marafiki zangu husema chombo hakina dhambi, mwenye dhambi ni mkono unaokishika. Nami nilisema hivyo miaka mingi, kwa sababu ilinirahisishia kupenda ninachopenda. Siku hizi naona swali linaanza kabla ya chombo: unapoketi kubuni, ni mwili wa nani unataka usiumie? Hobart alikuwa na jibu, ndiyo maana vifaru vyake vinapendeza hivyo. Tetu hakuna aliyeuliza. Mgongo wa msichana ulikuwa rahisi kuliko chuma.

Ramani bado sijaifuta. Jioni nilimwonyesha cucu. Fahali alimpenda sana, akataka kujua ni wa nani. Nikamweleza habari ya furushi, jinsi linavyojaza mtaro kwa dakika chache tu. Akanyamaza, akaisogeza simu karibu na macho.

"Na hivyo vijiti, mjukuu wangu, vilikatwa na nani?"

Nikaikuza picha, nikaipitisha kidole toka pembe hadi pembe. Magari matupu.