Nyumba ya Bao



Toka Kilwa Kivinje hata Lindi mjini, jioni wazee hukaa barazani na ubao wa bao kati yao. Sisi walimu wa zamani hukaa nao, na mwanzo wa mchezo huo umetupa neno la kutafakari.

Kete ni 64, kila mtu 32. Kumi hupangwa ubaoni: 6 katika nyumba, na mbili mbili katika mashimo mawili ya kuume kwake. Zile 22 hubaki mkononi, hunamuliwa moja moja. Kwa jinsi zilivyopangwa, kete za huyu hazikabili za yule. Kwa hiyo wa kwanza hana cha kula, hutakata tu. Vita huja baadaye, na shauri kubwa ni ile nyumba. Mtu akila, na kete ya mwisho ikaangukia nyumbani mwake, ana hiari: alale, nyumba ibaki imejaa, ama aendelee, azimwage kete zake zote shimo kwa shimo. Akiisha kuivunja, hiari hiyo hairudi.

Wako wasemao hodari ni yule ailindaye nyumba mpaka mwisho. Hatukubali. Nyumba iliyojaa humtamanisha aketiye mbele yako, naye akipata kete ya kuikabili huila yote mara moja. Lakini kuivunja kabla ya kuutazama ubao nako ni upumbavu.

Yule tajiri wa Luka 12 hakukosa kwa kujenga ghala. Yusufu naye aliweka nafaka Misri, na njaa ilipokuja akaifungua. Tajiri alishauriana na nafsi yake peke yake. Katika maneno yake yote hamna jirani hata mmoja. Nani acheza bao peke yake?

Mwezi wa Mei 2024, wakati wa Kimbunga Hidaya, barabara ya Dar es Salaam ilikatika pale Somanga, nasi sote tukaijua. Ukuta wa mjane mmoja wa mtaa wetu ulianguka katika mvua zile zile, na hilo wachache wamelijua. Hata leo analala kwa dada yake. Fedha za mnara wa kengele ziko benki, zimelala.

Halmashauri itakutana Jumapili baada ya Misa. Wanaotaka zilindwe waje, na wanaotaka zitumike waje. Mjane naye tumemwomba aketi pamoja nasi.