Anayenunua Jarida, Je, Hununua na Deni Lake?

Jarida linapouzwa, ni nini hasa kinachouzwa? Jina huandikwa katika hati ya mauzo, na hadithi zilizokwisha kuchapwa huhesabiwa kuwa mali. Waandishi waliolipa jina hilo thamani hawamo katika hati. Insha hii inauliza kama mmiliki mpya ana wajibu wowote kwao, hata pale ambapo sheria haimdai kitu.

Tuchukue mfano wa Amazing Stories, jarida la bei nafuu la hadithi za kisayansi, lililoanzishwa Marekani na Hugo Gernsback mwaka 1926. Mwaka 1929 kampuni yake ilifilisika na jarida likamtoka mikononi, lakini liliendelea kuchapwa. Mwaka 1938 lilinunuliwa na kampuni ya Ziff-Davis, na Raymond Palmer akawa mhariri badala ya mzee T. O'Conor Sloane. Mwaka 1965 likauzwa tena, safari hii kwa Sol Cohen.

Pamoja na jina, Cohen alipata haki ya kuchapa upya hadithi za zamani. Alizijaza kurasa kwa hadithi hizo bila kuwalipa watunzi wake. Chama cha waandishi wa hadithi za kisayansi, kilichoundwa mwaka huohuo, kiliwataka waandishi wamsusie.

Wapo watakaomtetea Cohen kwa hoja nzito. Seremala akishauza kiti, hadai malipo kila mtu anapokikalia. Mwandishi aliuza hadithi yake kwa hiari na akapokea ujira wake. Kama aliiuza moja kwa moja, analalamikia nini?

Hoja hiyo ina kasoro mbili. Kwanza, hiari ya mwenye njaa si sawa na hiari ya aliyeshiba. Mwandishi aliyetegemea majarida haya kwa riziki hakuwa na nguvu ya kubishana na mchapishaji juu ya masharti. Pili, hadithi si kiti. Kiti huchakaa, na mnunuzi hurudi kwa seremala. Hadithi ya zamani ikichapwa bure, inachukua nafasi ambayo mtunzi yuleyule angeuza hadithi mpya. Jasho lake la jana linamfungia mlango wa leo. Hapo ndipo ninapoona dhuluma, ingawa hakuna sheria iliyovunjwa.

Tena, mnunuzi hawezi kuchagua urithi nusunusu. Katika mirathi ya Kiislamu, madeni ya marehemu hulipwa kabla warithi hawajagawana mali. Cohen hakuwa mrithi wa marehemu, na deni hili halikuandikwa popote. Hata hivyo, alichokitaka katika jina Amazing Stories ni heshima iliyojengwa na wengine kwa karibu miaka 40. Anayekula matunda ya heshima hiyo anawajibika kwa walioipanda.

Hatimaye Cohen alikubali kuwalipa waandishi kiasi fulani. Dawa ya deni ni kulipa, na hata hapo alilipa baada ya kubanwa. Hilo linatufundisha kwamba wajibu wa kimaadili hauna polisi wala mahakama. Hulindwa na watu wanaokubali kusimama pamoja. Sheria inatuambia jarida ni la nani. Haituambii mwenye jarida anadaiwa nini, na swali hilo la pili halifutwi na hati ya mauzo.